Mlango wa homa ya matende uko baina ya vidole

Mwenye matende haogopi uvimbe. Uvimbe anauzoea, anajua kiatu gani kitamkubali na ngazi gani apande polepole. Anachokiogopa ni siku mguu utakapopandisha: jua la saa saba linawaka na yeye anatetemeka chini ya blanketi, mtoki umesimama kinenani, mguu wa moto na mzito, hata shuka likiugusa anapiga kelele. Siku kadhaa kazi hakuna. Akiinuka, ngozi inabambuka na mguu umeongezeka, na ongezeko hilo halirudi lote.

Mimi ni fundi cherehani hapa Wete, Pemba. Mguu wangu wa kushoto una matende tangu ujana wangu. Kanzu inauficha vizuri, wateja wengi hawajui mpaka ninyanyuke kwenye mashine. Lakini wenye mguu kama wangu wanajua, na huja dukani wakijidai wanataka kushonewa suruali pana, kumbe wana la kuuliza. Ninayowaambia ndiyo haya. Si daktari mimi. Ni mambo niliyofundishwa na wauguzi nikayashika, na mguu wangu siku hizi ni nadra kupandisha.

Homa inatoka wapi

Kwanza tuyaondoe maneno ya barazani. Homa hii haitoki kwenye madafu, wala kijicho, wala kitu ulichokiruka njia panda. Wala si kwamba mbu wa jana usiku amekutia matende mapya. Minyoo ya matende, ambayo mbu wameitia mwilini kidogo kidogo kwa miaka, ilikaa ndani ya mishipa ya limfu ikaiharibu. Kazi ya mishipa hiyo ni kurudisha maji ya mwilini kwenye damu na kupitisha chembe za kinga. Ikishaharibika, mguu unakuwa mtaro ulioziba: maji yanatuama.

Sasa bakteria. Hawa wapo juu ya ngozi ya kila mtu, hata ya huyo anayekucheka. Mtu mwenye miguu mizima wakimwingia kwenye mkwaruzo wanamalizwa hapo hapo. Kwetu sisi wakishapenya wanakuta maji yaliyotuama na kinga isiyofika kwa wakati, wanazaana, na kabla magharibi haijaadhiniwa umeshalala. Wengi wao ni wale waitwao streptokoki, jamii moja na wanaoleta maradhi ya koo.

Na kila homa inayopita inazidi kuiharibu mishipa ile. Mguu unakua, ngozi inakuwa ngumu, inafanya mikunjo, na mikunjo inazaa nyufa mpya. Kwa hiyo mimi simshauri mtu ahangaike na ukubwa wa mguu. Ahangaike na ufa. Homa zikizuiliwa, mguu haukimbilii kukua, na wako ambao hupungua.

Huniuliza pia kuhusu vidonge vya nyumba kwa nyumba. Vilianza kugaiwa Unguja na Pemba mwaka 2001, albendazoli pamoja na aivamektini, na shabaha yake ni minyoo michanga iliyomo kwenye damu, mbu asiwe na cha kumpelekea jirani. Mkiitwa kumeza, mezeni. Na mbu wenyewe wanaotusambazia huku kwetu ni wale wa maji machafu ya vyooni. Kule Makunduchi, Unguja, mwaka 1988, vyoo vya shimo vilimiminiwa punje nyepesi za polistairini, zikaelea zikafunika maji, mbu wakakosa pa kuzalia. Kazi ya maana sana ile, na sijui kwa nini haikuenea kila kijiji. Lakini si kidonge wala punje itakayoziba ufa ulioko kwenye kidole chako. Hiyo ni kazi yako mwenyewe, kila siku.

Kuutafuta mlango

Asubuhi, kabla ya kufungua duka, nakaa mlangoni kwenye kigoda pale mwanga unapoingia vizuri, mguu nauweka juu ya kiti. Naanza na kidole kidogo na jirani yake, maana vidole vilivyovimba hubanana na hewa haipiti, na pale ndipo pabaya kuliko pote. Navitenga taratibu. Ngozi nzima huwa kavu na rangi yake ni moja na ya mguu. Ukiona nyeupe, imelowa, inavulika ukiigusa na inawasha, hiyo ni fangasi. Ukiona majimaji ya manjano au ya kijani, panauma na harufu imezidi, ujue bakteria wameshapiga kambi. Mara nyingi fangasi hutangulia kutoboa, kisha bakteria wanapita. Watu huidharau kwa kuwa inawasha tu na mkuno wake una utamu. Hiyo ndiyo inayokulaza.

Halafu nyayo na kisigino, natazama magaga. Halafu kucha. Halafu mikunjo ya nyuma ya kifundo, ambako mwenyewe huoni. Tumia kioo, au muite kijana amulike na tochi ya simu. Usione haya kwa mwanao. Mkwaruzo wa kujikuna ulipoumwa na mbu, lengelenge la kiatu, funza, kijidonda cha jiwe, vyote ni milango. Usingoje paume ndipo utazame, kwani ufa mdogo hauumi.

Kuosha

Chukua maji safi ya kawaida. Ya moto hapana, hata kama bibi yako alikukanda kwayo. Sabuni yoyote isiyo kali inafaa, ila zile za manukato mengi huwasha ngozi iliyochoka. Paka povu kuanzia gotini ukishuka, kwa kiganja cha mkono. Dodoki na jiwe la kusugulia viache. Vinachimba milango mingine. Ingiza kidole kila pengo na kila mkunjo, polepole. Suuza mpaka maji yanayoanguka yawe meupe hayana povu. Mguu wa pili nao uoshe, hata kama hauna kitu. Mara moja kwa siku ndiyo kima cha chini, na mimi napendelea usiku kabla ya kulala kwa sababu hapo mguu hautembei tena vumbini. Ukiwa na kidonda au harufu, osha mara mbili.

Bibi mmoja mkulima wa mwani, wa pande za Micheweni, aliniletea gauni la kupunguza akauweka mguu wake juu ya benchi bila ya kuulizwa.

"Mwanangu, mimi nashinda kwenye maji ya chumvi. Chumvi si dawa?"

"Shikamoo bibi. Ingekuwa dawa, wavuvi wasingekuwa na vidonda."

Alicheka, lakini mguu ulikuwa na mkato wa kombe chini ya dole gumba na hakuwa na habari nao. Kushinda baharini kunailainisha ngozi, na mawe na makombe yanaikata ikiwa laini. Anayelima mwani avae viatu vya mpira vinavyofunika nyayo, na akirudi tu pwani asuuze kwa maji matamu, aoshe kwa sabuni, akaushe. Asiseme nipike kwanza.

Kukausha, ambako wengi hushindwa

Hapa nitakaa kidogo, maana mtu huosha vizuri kisha anaharibu. Anafuta mguu juu juu kwa taulo, anavaa ndara, anaondoka na maji baina ya vidole. Fangasi haitaki zaidi ya hayo.

Taulo ni nene, haliingii kwenye mapengo ya vidole vilivyobanana. Ukilisukuma kwa nguvu unapasua. Mimi natumia mabaki ya kitambaa cha pamba, yale ninayokata kwenye kanzu na kanga, nayachana vipande vyembamba upana wa kidole. Lazima iwe pamba. Tetroni ni laini na inang'aa, lakini hainywi maji, inayasukuma tu huku na huku. Ukitaka kujua, tia tone la maji juu ya kitambaa: likizama, kinafaa, likikaa juu kama lilivyo, kipeleke kwenye kazi nyingine. Kanga kuukuu iliyofuliwa miaka ndiyo bora kuliko zote.

Kipitishe kipande baina ya vidole, kibonyeze kidogo, ukingoje kinywe, kisha ukitoe upande wa pili. Usikivute mbele na nyuma kama msumeno. Pengo moja kipande kimoja, usipeleke fangasi ya pengo hili kwa jirani yake. Mikunjo ya kifundo vivyo hivyo. Vipande vilivyotumika nafua kwa sabuni, navianika juani, navipiga pasi ya moto. Mwenye vidole vilivyokaribiana sana anaweza kuacha kipande kikavu baina yao usiku ili hewa ipate pa kupita, lakini asikifunge kwa kukaza.

Na udhu. Mara tano kwa siku tunatia maji miguuni na kupitisha kidole baina ya vidole, na hilo halina madhara. Lina faida, kwani mguu unaguswa na kuangaliwa. Madhara ni kutoka hapo na kuivalisha miguu mibichi viatu. Weka kipande cha pamba mfukoni mwa kanzu, ujifute kabla ya kuingia msikitini. Hakuna aliyekataza. Ndara za pamoja zinazokaa karibu na birika mimi sizivai, nakuja na zangu, kwa sababu fangasi ya mtu mmoja inazunguka msikiti mzima. Ukiwa na kidonda ambacho daktari amekataza kisiguswe na maji, mwendee sheikh wako akueleze kupangusa juu ya bandeji au kutayamamu. Dini imeshatoa nafasi, usijitese.

Dawa za kupaka

Penye weupe na muwasho paka dawa ya fangasi, klotrimazoli inapatikana karibu kila duka la dawa. Paka nyembamba, juu ya ngozi iliyokwisha kauka, asubuhi na usiku. Watu huacha muwasho ukiondoka, baada ya wiki inarudi. Endelea wiki mbili nyingine baada ya ngozi kuonekana nzima. Penye usaha au majimaji ya rangi, mwonyeshe muuguzi, pengine utapewa dawa ya bakteria. Magaga na ngozi kavu ya mguu paka mafuta ya kulainisha, vaselini au ya nazi yaliyo safi, lakini baina ya vidole usitie mafuta kabisa. Liwa, manjano, majivu na unga wa majani viache kwa shughuli nyingine.

Kucha zikate moja kwa moja, pembeni usichimbe. Wembe usikaribie mguu huu.

Kiatu na kukaa

Kiatu kizuri ni kipana, cha wazi, chenye mkanda unaofunguka na kufungwa, na soli ambayo mwiba haupenyi. Makubadhi yangu nilimpelekea fundi viatu, akaongeza ukanda na kuweka soli ya tairi. Pekupeku hata uwani kwangu siendi.

Barazani tunakaa miguu ikining'inia kuanzia alasiri mpaka magharibi, na maji yote yanashuka. Leta kiti cha pili, uweke mguu juu usawa wa nyonga. Kitandani, inua upande wa miguuni kwa matofali chini ya matendegu. Mwenye maradhi ya moyo amuulize daktari kwanza. Na uzungushe kifundo, upande na ushuke kwa ncha za vidole, kwani misuli ndiyo inayosukuma maji kurudi juu. Mashine yangu ni ya kukanyaga, kwa hiyo hilo nalipata bure. Soksi na bandeji za kubana nazo zinasaidia: watafiti wa Australia mwaka 2020 waliona wenye miguu ya kuvimba waliovaa walipata maambukizi ya ngozi machache kuliko wasiovaa. Lakini zinapimwa na mjuzi, huzinunui kwa macho, na kwa joto letu si kila mtu ataziweza.

Mguu ukipandisha

Dalili hazifanani kwa kila mtu. Wengine huanza na baridi na kichefuchefu, mguu haujabadilika bado. Wengine huanza na mtoki. Vitabuni wameandika "wekundu", nasi ngozi yetu ni nyeusi, wekundu huuoni. Utaona pamekoza weusi, pamekaza, panang'aa. Weka nyuma ya kiganja juu ya mguu huo, kisha juu ya mwenzake; joto litakwambia. Chukua kalamu, chora mstari pale joto linapoishia. Baada ya saa chache utajua linapanda au limesimama, na muuguzi naye ataona.

Lala. Kazi yoyote, iwe ya mtu yeyote, ingoje. Inua mguu, weka kitambaa kilichoroweshwa kwa maji baridi na ukibadilishe kikipata joto. Kunywa maji mengi. Parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa. Mazoezi yote yasimame, soksi ya kubana ivuliwe. Kuosha usiache ikiwa unastahimili, ila kwa upole sana.

Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa sababu haya ni maambukizi ya bakteria na yanataka antibiotiki. Wengi hupewa amoksilini au penisilini. Kama penisilini iliwahi kukutoa vipele au kukuvimbisha uso, sema kabla hujaandikiwa, ziko nyingine. Homa ikiondoka siku ya pili, dozi bado inaendelea mpaka iishe. Usinunue vidonge viwili vitatu dukani, na usimgaie mwenzako vilivyobaki, kwani havitakiwi kubaki.

Yasiyofanywa: kukanda kwa maji ya moto, kusugua, kuchanja, kutumbua malengelenge, kufunga kwa majani. Na kuumika. Hijama ina watu wake na sina neno nayo mgongoni, lakini chuku juu ya mguu wa matende ni kumfungulia bakteria milango mingi kwa mara moja, kwenye ngozi ambayo hata ufa mmoja inachelewa kuufunga. Nimewaona waliofanyiwa, vidonda vikakaa miezi. Ngozi ikibambuka baada ya homa, iache ianguke yenyewe.

Mgonjwa akianza kuropoka au kusinzia bila kuamka vizuri, akitapika hata dawa, kichwa kikiuma sana na shingo kukaza, ngozi ikiwa nyeusi tii au ikijaa malengelenge, maumivu yakizidi yale unayoyaona kwa macho, usingoje asubuhi. Tafuta gari mpeleke spitali. Vivyo hivyo mwenye kisukari, mjamzito, na ambaye dawa ameianza siku mbili zimepita na mstari wa kalamu unazidi kupandwa. Na mguu ukivimba ghafla kwenye shavu la mguu na kuuma, pumzi nayo ikibana, hilo pengine ni damu iliyoganda, si homa yetu. Nalo ni la spitali papo hapo.

Zikirudi mara kwa mara

Anayepata homa mbili au zaidi kwa mwaka, na huku anaosha na kukausha kama nilivyoeleza, amuulize daktari kuhusu penisilini ya kinga, ya vidonge vya kila siku au sindano ya kila mwezi. Utafiti uliofanywa Uingereza na Ayalandi, ukachapishwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa penisilini ya kiwango kidogo kwa mwaka mzima ilipunguza maambukizi ya ngozi ya mguu kurudi, ingawa ulinzi ulififia ilipoachwa. Kwa hiyo haichukui nafasi ya sabuni na kitambaa.

Daktari atakuuliza zilikuja lini, na wengi hujibu "mara nyingi". Jibu hilo halimsaidii. Mimi naandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja: tarehe, dawa niliyopewa, na ufa ulikuwa wapi. Karibu kila mstari umeandikwa kidole kidogo.